Bwana Afya Akibisha Hodi, Jina Lako Liishie Wapi?

Tarehe 4 Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa afya wa miaka mitano: Marekani itoe hadi dola bilioni 1.6, na Kenya iongeze dola milioni 850 kwenye matumizi yake ya afya. Wiki moja baadaye, tarehe 11, Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu inayohusu kupeleka nje taarifa za afya za Wakenya. Tangu hapo, ukikaa barazani Langoni, hapa Lamu, au ukingoja boti ya Mokowe pale gatini, utasikia amri hiyo ikielezwa kwa namna ambayo mahakama haikusema. Ati sasa serikali haina ruhusa ya kuuliza mtu anaumwa nini, na bwana afya akija na makaratasi yake una haki ya kumfungia mlango. Wapo pia wanaoivuta upande wa pili, wakidai kwamba waliokwenda mahakamani wanataka kipindupindu kituingie tukiwa tumefumba macho.

Pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Amri ile ilihusu taarifa kuvuka mpaka wa nchi; haikugusa kazi ya afisa wa afya anayechunguza mlipuko Matondoni au Faza. Msimamo wa makala haya ni huu: serikali inapochunguza ugonjwa inahitaji jina, mtaa na tarehe, na inastahili kuvipata siku hiyo hiyo. Lakini stahili hiyo inasimama tu ikiwa alichosema mgonjwa hakiwezi kufika kwa polisi, kwa chifu wala kwa mwanasiasa, na ikiwa jina lake lina siku ya kufutwa. Stahili yenyewe imo katika sheria zetu, tena waziwazi. Masharti hayo mawili nayo yameandikwa, lakini kwa vitendo yameachiwa adabu ya mtu mmoja mmoja. Tunabishana kuhusu Washington, na ukuta uliobomoka uko baina ya zahanati na ofisi ya naibu kamishna.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaoipinga, na wengi wanaoitetea, hawajaiona ikifanywa. Tuseme Jumatatu asubuhi watu wazima watatu wamefikishwa zahanati wanaharisha maji matupu, macho yamezama, ngozi ukiifinya hairudi upesi. Muuguzi hangoji maabara. Mahali ambapo hakuna mlipuko unaojulikana, mtu yeyote wa miaka miwili na zaidi anayeharisha maji kwa ghafla akakaukiwa vibaya, au akafa, anahesabiwa kuwa mshukiwa wa kipindupindu, na simu kwa afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa hupigwa siku hiyo hiyo. Kipimo ambacho nchi nyingi sasa hujipima nacho huitwa saba-moja-saba: siku saba za kuugundua ugonjwa, siku moja ya kutoa habari, siku saba za kukamilisha hatua za mwanzo. Hapo ndipo hufunguliwa orodha ya wagonjwa, mstari mmoja kwa kila mtu: jina, umri, jinsia, mtaa, simu, siku dalili zilipoanza, siku aliyofika kituoni, maji anayokunywa, alichokula, waliokula naye, kipimo, na hatima yake.

Katika safu zote hizo, tatu ndizo zinazobeba mzigo, na ndizo zinazoandikwa ovyo kuliko zote. Ya kwanza ni siku dalili zilipoanza. Kipindupindu hujitokeza saa chache hadi siku tano baada ya mtu kumeza vijidudu, kwa hiyo ukiijua siku ya kwanza ya kuharisha unaweza kurudi nyuma ukauliza: siku hizo tano mlikuwa wapi, mlikunywa nini, palikuwa na arusi au matanga? Muuguzi aliyezidiwa akiandika siku ya kufika badala ya siku ya kuanza, hesabu yote inapinda. Mgonjwa wa Kizingitini aliyengoja boti siku mbili anaonekana kama ameugua baada ya yule wa Mkomani, na mchunguzi anaanza kutafuta wimbi la pili ambalo halipo. Safu ya pili ni mahali. Daftari likisema "Amu", yaani mji wa Lamu, peke yake halijasema kitu; mitaa ya Gadeni na Wiyoni haichoti kisima kimoja. Ya tatu ni maji: kisima kipi, jabia lipi la maji ya mvua, mkokoteni wa nani.

Na jina je? Hapa ndipo watu huuliza, na wana haki. Jina linahitajika kwa sababu mtu yule yule huanza zahanati ya Matondoni, kesho akapelekwa hospitali ya mjini, na bila jina atahesabiwa wagonjwa wawili. Linahitajika ili majibu ya maabara yamrudie mwenyewe, na ili waliokula naye sinia moja wapatikane kabla hawajaanguka. Tena jina moja halitoshi. Pwani hii ukiita Fatma Mohamed wataitika kumi, kwa hiyo huandikwa jina la baba na la babu, mtaa, na simu. Simu nayo mara nyingi ni ya kaka aliye baharini, haipatikani mpaka jahazi lirudi, na ndiyo maana mchunguzi mwenye akili huandika pia jina ambalo mtu hujulikana nalo mtaani.

Sampuli zina mambo yake. Pamba iliyochovywa kwenye choo cha mgonjwa wa kipindupindu hutiwa kwenye chupa ya Cary-Blair, yaani ute wa kuhifadhi vijidudu safarini, na kusafirishwa bila barafu, kwa joto la kawaida la chumba. Kuna watu wazuri kabisa ambao wameiweka kwenye kasha la barafu pamoja na chanjo, kwa nia njema, na vijidudu vikafifia kabla ya kufika maabara. Damu ya kutafuta virusi vya chikungunya au homa ya dengi ni kinyume: inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Na kipimo kipi ufanye hutegemea siku ya ugonjwa, kwa kuwa virusi vyenyewe huonekana vizuri katika siku tano hivi za mwanzo, kisha ni kingamwili zinazoonekana. Siku ikiandikwa vibaya, jibu la "hakuna" halina maana. Nataja haya ili ieleweke kwamba "serikali kupata taarifa" ni kazi ya mikono yenye makosa mengi njiani, na makosa hayo hayaponywi kwa kuifungulia serikali milango zaidi.

Ushahidi wa hilo tunao hapa hapa. Mwaka 2004 chikungunya iliingia kisiwa cha Lamu, kilele chake Julai. Vituo vya afya viliandika wagonjwa wasiopungua 1,300 kati ya wakazi wapatao 18,000. Oktoba mwaka huo watafiti wakachukua damu ya watu 288 waliokubali, wakakuta robo tatu yao, asilimia 75, walikuwa wameshaambukizwa. Ukiipeleka hesabu hiyo kisiwa kizima unapata watu kama 13,500. Yaani kwa kila mgonjwa mmoja aliyeandikwa daftarini, tisa hawakuonekana. Hawakuwa wamejificha. Wengi waliugulia nyumbani, viungo vimekaza, mtu hashiki hata kikombe, na jirani akasema ni malaria. Jina lenyewe la ugonjwa ni la Kimakonde, lina maana ya kile kinachompinda mtu, na lilipatikana kusini mwa Tanganyika katika mlipuko wa 1952 na 1953. Lakini Amu ya 2004 hapakuwa na wa kulitamka.

Chanzo nacho kilikuwa ndani ya nyumba. Ulikuwa wakati wa ukame, maji yakawekwa muda mrefu kwenye mapipa na jerikeni, na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji safi yaliyotulia, akapata nafasi. Wazee waliojenga nyumba za mawe walilijua tatizo la aina hiyo: birika la chooni liliwekewa visamaki wa kula viluwiluwi, na chini yake hukazwa sahani ya kaure ili maji yakipungua visamaki vibakiwe na pa kukaa. Pipa la plastiki halina sahani wala samaki. Kufikia mwisho wa mwaka ugonjwa ulikuwa Mombasa, mwaka uliofuata Komoro, kisha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua.

Sasa mwenye kudai serikali iunganishwe moja kwa moja na kila daftari na kila kompyuta ya kituo ajiulize ingemsaidia nini mwaka ule. Angewapata wale 1,300 mapema zaidi. Wale wengine elfu kumi na mbili na ushei walitambuliwa kwa njia nyingine: kwenda mtaani, kuomba, kueleza, na mtu kukunjua mkono kwa hiari yake. Na mwenye kusema bwana afya afungiwe mlango ajiulize vilevile tungejua vipi kilichotupata, lau wale 288 wangekataa.

Kisheria mambo si ya giza kama yanavyosemwa. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, lakini haisemi habari za mtu zisiulizwe kamwe. Inasema zisitakwe wala kufichuliwa pasipo ulazima, na neno hilo la mwisho ndilo ulingo wa mjadala wote. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo asili yake ni 1921, inalazimisha magonjwa ya kuambukiza yaripotiwe. Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya 2019 inakubali taarifa za afya zitumike kwa manufaa ya afya ya umma bila kungoja ridhaa ya mgonjwa, ila kwa masharti: mshikaji awe mhudumu wa afya au mtu aliyefungwa na wajibu wa siri, ichukuliwe ile inayohitajika tu, itumike kwa kazi iliyotajwa, na isikae zaidi ya haja. Mwenye kusema bwana afya anavunja sheria akiuliza, hajaisoma. Mwenye kusema bwana afya akishauliza anaweza kumpa chifu orodha, naye hajaisoma.

Hofu ya watu, hata hivyo, haikutoka hewani. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa walikamatwa kule Kapsabet na kufungwa gerezani, kwa kutumia sheria hiyo hiyo ya 1921. Ilichukua mpaka 2016 Mahakama Kuu kusema kwamba jela si mahali pa kutibia. Februari 2015 Rais aliagiza maafisa wa utawala wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Mahakama ilibatilisha agizo hilo Desemba 2016, kwa kuwa orodha yenye majina ilivunja faragha na maslahi ya watoto. Mwaka 2020 waliotengwa kwa ajili ya korona walidaiwa gharama za malazi mpaka serikali ilipobeba mzigo huo, na kabla ya hapo kutajwa kuwa ulikutana na mgonjwa kulikuwa kama kutajwa kwenye deni. Mambo matatu tofauti, lakini yana umbo moja: taarifa iliyotolewa kwa ajili ya tiba ikageuka kitu kingine baadaye. Maafisa wetu hupenda methali ya mficha maradhi kilio humfichua. Ni methali ya kweli, ila humlaumu mgonjwa peke yake, haimuulizi aliyemfanya afiche.

Mfano mmoja wa pwani unaonyesha vizuri kuliko sheria zote nilizotaja. Nyama ya kasa, na hasa ng'amba, mara nyingine huwa na sumu ambayo kupika hakuiondoi, na haina dawa ya kuivunja. Inadhaniwa hutokana na mwani anaoula kasa, ndiyo maana kasa mmoja huliwa salama na wa wiki ijayo akaua. Dalili huanza baada ya saa chache, au siku kadhaa: kutapika, kuungua mdomoni na kooni, vidonda ulimini, kisha usingizi mzito. Watoto hufa kwanza. Na mtoto anayenyonya hudhurika hata kama hajaonja, kwa sababu sumu hupita kwenye maziwa ya mama. Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, watu tisa walifariki kwa nyama hiyo, wanane kati yao watoto, na 78 wakalazwa.

Sasa ilete kwenye visiwa vyetu. Kumuua kasa Kenya ni kosa la jinai chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, na adhabu yake ni nzito. Bwana afya anaingia kwenye nyumba yenye watoto wawili wanaosinzia. "Mama, juzi usiku mlikula nini?" Akijibiwa, "Samaki, mwanangu," amepotezwa. Atafunga soko la samaki, atamsaka muuza bunju, atapima maji ya jabia, na huku nyama ile ile iko kwenye vyungu vya nyumba nyingine tano, kwa kuwa kitoweo kama hicho hugawiwa majirani. Akijibiwa ukweli, ndani ya saa moja mhamasishaji wa afya wa kijiji anapita nyumba kwa nyumba, vyungu vinamwagwa, na kila mama aliyekula anaambiwa aache kunyonyesha na apewe mbadala. Kinachoamua jibu la yule mama ni kitu kimoja: anajua kwamba neno "kasa" likiingia kwenye karatasi ile, litaishia kwenye karatasi ile? Leo hakuna mtu wa kumhakikishia. Afisa anaweza kumpa neno lake mwenyewe, na wengi hulitimiza, lakini hakuna waraka wa kaunti anaoweza kumwonyesha.

Wanaopinga ukuta huu wana hoja moja nzito, nayo hutajwa sana upande wa Malindi. Husema: Shakahola je? Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa kwenye msitu huo, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa. Lau polisi na idara ya afya wangekuwa na macho mamoja, si yangeonekana mapema? Hoja hii inastahili heshima kwa sababu ya uzito wa msiba wenyewe. Lakini ukiitazama, inakwenda kinyume. Mhubiri huyo, mshukiwa mkuu, alikuwa ameshakamatwa zaidi ya mara moja kabla ya Aprili 2023, na malalamiko ya jamaa yalikuwa yameshafika mezani. Habari zilikuwepo, na waliokuwa nazo ndio hawakuzitendea kazi kwa wakati. Kumwagia ofisi hiyo hiyo madaftari ya wagonjwa kusingeongeza ila karatasi. Isitoshe, ukuta haumaanishi hakuna mlango. Polisi wakishuku kwamba mtu ametiliwa sumu, waende kwa hakimu Lamu au Malindi, waeleze wanachotaka na kwa nini, wapewe kibali cha faili hiyo moja. Ukiwa na mahakama umbali wa boti au matatu, huna sababu ya kuchukua orodha nzima kwa simu.

Hoja nyepesi kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, na ndiyo iliyotumiwa kuutetea mkataba wa Desemba: kwamba zinazotolewa ni takwimu za jumla, majina yameondolewa, basi hakuna shida. Huenda Nairobi hoja hiyo ikasimama. Kaunti ya Lamu nzima ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019, wamesambaa kuanzia Witu hadi Kiunga. Andika kwenye ripoti: mwanamke, miaka 34, mjamzito, Kiwayu, kaswende. Jina liko wapi? Halipo. Na kabla ya alasiri kila mtu Kiwayu anajua ni nani, na mumewe anajua, na mama mkwe anajua. Kwenye kijiji kidogo umri na hali ya mtu ni jina lake la tatu. Ndiyo sababu watu wa takwimu wana desturi ya kutochapisha hesabu iliyo chini ya watano kwa eneo dogo: unaunganisha kijiji na kijiji, au mwezi na mwezi, mpaka mtu apotee ndani ya wenzake. Desturi hiyo haigharimu chochote. Lakini ripoti za kila wiki hujazwa kwa haraka, hupigwa picha kwa simu, na hutumwa kwenye kundi la WhatsApp ambamo wamo watu arobaini, baadhi yao wameshahama kaunti na hakuna aliyewatoa. Siri ya mtungi aijuaye kata, wahenga walisema, na hapa kata ni arobaini.

Kuhusu ile nyingine, kwamba asiye na la kuficha haogopi, sitapoteza wino mwingi. Kliniki ya methadoni ya Malindi imehudumia waathirika wa heroini tangu 2015. Mwambie mmoja wao maneno hayo, kisha uone kama kesho atarudi.

Itakuwaje basi, kwa vitendo? Serikali ya kaunti ndiyo yenye vituo vya afya na kinga za msingi kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo haihitaji kungoja Nairobi kuandika waraka wa ukurasa mmoja kabla ya mlipuko ujao. Useme nani anashika orodha ya wagonjwa: mtu mmoja kwa kaunti ndogo, na msaidizi mmoja. Useme anayepuliza dawa au kutia klorini kisimani hupewa mtaa na kisima, hapewi majina. Useme chifu anaombwa kuitisha baraza, hapewi orodha. Useme swali la chakula na tabia halitolewi nje ya idara ya afya bila kibali cha hakimu, na sentensi hiyo isomwe kwa sauti mlangoni kabla ya swali la kwanza. Na useme siku ya kufuta. Kipindupindu huhesabiwa kimekwisha eneo likipita wiki nne mfululizo bila mgonjwa aliyethibitishwa huku upimaji ukiendelea. Hapo safu za jina, simu na jina la babu zikatwe, zibaki umri, mtaa, tarehe na maji, ambazo ndizo zitakazomfaa mchunguzi wa miaka ishirini ijayo. Kifua kikuu kina ratiba ndefu zaidi kwa kuwa matibabu yenyewe ni ya miezi isiyopungua sita mara nyingi, lakini nayo ina mwisho.

Mfumo wa kompyuta unaosambazwa vituoni ungeweza kusaidia, kwa sababu mashine huweza kuandika nani alifungua faili gani saa ngapi, kitu ambacho daftari la karatasi haliwezi. Inavunjika mahali pale pale kila mara: kituo kizima kinatumia nywila moja, imeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa juu ya skrini, na kwa mujibu wa kumbukumbu muuguzi yule yule alifungua mafaili yote, hata siku alizokuwa likizo. Dawa yake ni nywila kwa kila mtu, na mtu wa kaunti anayezisoma hizo kumbukumbu walau mara moja kwa mwezi. Ununuzi wa mashine mpya hauingii hapa.

Na njia iwe ya kwenda na kurudi. Kaunti hupenda kupokea majina ya wagonjwa upesi na kutoa majibu ya maji polepole, hasa msimu wa wageni, kwa kuogopa hoteli za Shela zisikose watu. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa raia haki ya kuuliza: siku 21 kwa kawaida, na saa 48 habari ikiwa inagusa uhai wa mtu. Maji ya kisima kinachoshukiwa yanagusa uhai wa mtu. Ombi ni barua fupi kwa ofisi inayohusika, ikitaja kisima, siku sampuli ilipochukuliwa na aliyeichukua kama anajulikana. Likipuuzwa, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mtaa uliowahi kupewa majibu ya kisima chake hutoa majina kwa urahisi zaidi mara nyingine.

Bado kuna jambo ambalo waraka wa ukurasa mmoja utalazimika kulijibu, nalo si la kinadharia. Madaftari ya visiwa vya juu husafiri kwa boti, ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya benchi, pamoja na madumu na kuku. Sheria ya 2019 inasema taarifa binafsi zikivuja au kuangukia mikono isiyofaa kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna wa Taarifa Binafsi aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mhusika kujua. Daftari la Kizingitini likisahaulika botini siku ya Ijumaa, boti ikaondoka kwenda kuvua, na zahanati ikagundua Jumatatu: mhusika ni nani hapo, muuguzi aliyelituma, nahodha aliyelibeba, au ofisi ya Amu iliyokuwa ikilingojea?